Jua Dauni Kwanza, Hayo Maneno Mengine Yatajileta

Niambie ukweli. Ile Februari 2025 uliamka usiku wa manane kuangalia Super Bowl, ama uliamka kuangalia Kendrick Lamar? Jibu najua. Kendrick alipomaliza, wasee wengi ninaowafuata walizima simu wakalala, na asubuhi wakatuletea komenti ya kila mwaka: ati hii ni raga ya waoga, wanavaa helmeti na kusimama kila dakika.

Mimi nasema futiboli ya Marekani si ngumu. Wanaotufundisha ndio wanaifanya ngumu. Ukitafuta maelezo unarushiwa orodha ya maneno arobaini, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilitoka chuo kikuu mwaka wa pili, na hiyo staili ya kufundisha ni kitu sijawahi kutamani tena: maneno kibao kwanza, maana utajua mbele.

Neno unalohitaji ni moja tu. Dauni.

Dauni ni jaribio. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Hizo ni kama mita 9 hivi. Penalti ya kandanda iko mbali zaidi, yadi 12 kutoka golini. Wakifikisha 10, hesabu inaanza upya na wanapata majaribio mengine manne. Wakishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani papo hapo. Uwanja una yadi 100, kwa hivyo kazi ni kuzila hizo kumi kumi mpaka ufike mwisho.

Na ndiyo maana wanasimama. Jaribio likiisha, wanapanga lingine. Ukitaka mchezo utiririke kama debi ya Mashemeji utachoka bure. Ichukue kama drafti ya pale mtaani: unasonga, unangoja, unamsoma mwenzako.

Sasa angalia namba mbili kwenye skrini. Ukiona 3 & 8, maana yake ni dauni ya tatu, zimebaki yadi nane. Hizo namba mbili ndizo stori yote. Ikiwa 2 & 1, timu imetulia, inaweza kujaribu ujanja wowote. Ikiwa 3 & 15, kila mtu uwanjani anajua pasi ndefu inakuja, hadi muuza soda. Ikifika dauni ya nne, kocha anakuna kichwa. Aupige mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie huko nyuma? Kama wako karibu, aupitishe katikati ya nguzo achukue pointi 3, ile wanaita fildigoli? Ama ajitose tu, akikosa akose?

Turudi kwa mechi mliyolala, uone vile maneno mengine yanajipanga yenyewe. Kwotabaki ndiye anayepokea mpira kila jaribio na kuamua uende wapi. Akiangushwa nao kabla hajaurusha, hiyo ni saki: jaribio limeenda na yadi zimepotea. Patrick Mahomes wa Kansas City alipigwa saki 6 siku hiyo. Kwenye robo ya pili zilikuja mbili mfululizo, akabaki na dauni ya tatu na safari ndefu. Ikabidi arushe. Cooper DeJean wa Philadelphia Eagles akaunyakua hewani, hiyo ni intasepsheni, akakimbia nao yadi 38 hadi mwisho. Tachidauni, pointi 6, siku yake ya kufikisha miaka 22. Saki ilizaa dauni mbaya, dauni mbaya ikazaa pasi ya presha, pasi ikazaa pointi za adui. Wakaenda mapumziko 24-0 na mkasema inaboo. Iliisha 40-22.

(Halafu tachidauni ni jina la uongo. Kwenye raga lazima ugusishe mpira chini. Hawa wakivuka tu mstari nao, inatosha.)

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu si ya Wamarekani peke yao. Mwaka wa 2013 Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza huu mchezo, na msimu huohuo akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mwili na mbio alikuwa nazo. Lugha ndiyo alienda kuisomea kazini. Na Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na flagi futiboli, wanaume na wanawake, watano kwa watano. Hakuna kuangushana, unang'oa tu utepe kiunoni mwa mwenye mpira. Majaribio ni manne vilevile, ila badala ya yadi 10 unatakiwa kuvuka nusu ya uwanja, kisha unapata manne mengine ya kufunga. Dada yangu, wewe unayekimbia na hauna kilo mia za kugongana na watu, mchezo ndio huo.

Sasa nijibu hapo chini. Uko nyuma kwa pointi 4, zimebaki sekunde 40, yadi 20 kufika mwisho. Dauni ya nne, umebakisha yadi 2. Unapiga fildigoli ama unajitosa?