Kaka, Jua Lisikukute Pale!

Jumapili iliyopita nyumbani Machame kulizuka zogo. Kaka yangu ni mgumu, yaani hubeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro. Katikati ya mtori akatangaza kuwa safari hii wanapita Western Breach. Mama akaweka mwiko chini.

"Njia ile ya mawe? Sitaki hata kuisikia!"

Mama ana sababu. Januari 2006 mawe yaliporomoka huko, wageni 3 kutoka Marekani wakafa na wapagazi wakaumia. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena.

Msomaji, usidhani barafu ya Kibo ni pambo la kupigia picha. Kwenye ukuta ule barafu ndiyo saruji. Usiku mawe yameganda, yametulia kama watoto waliolala. Jua likipanda, barafu inalegea, jiwe moja linaachia na kugonga lenzake, ndo imetoka hiyo! Kwa hiyo wanaopita pale huondoka gizani ili mchana usiwakute chini ya mawe. Mimi nilipomaliza kidato cha nne nilibeba mzigo safari moja tu, magoti yakaomba talaka. Nilipoona wageni wanaamshwa usiku wa manane nikajua ni wazimu wa kutaka kuona macheo. Kumbe hata ile changarawe ikiwa imeganda inakanyagika vizuri zaidi.

Kaka akacheka. "Dogo, hapa si Ulaya, hakuna maporomoko ya theluji."

Ni kweli, ya Alps ni balaa jingine. Kule theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka gumu likikaa juu ya lililo legelege, ni kama bati juu ya golori. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30 hadi 45, mtu mmoja akikanyaga vibaya, shuka zima linaondoka naye. Mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyeiporomosha, au mwenzake. Akikaa chini nusu saa, matumaini ni madogo sana, hewa hakuna. Anayeweza kumwokoa ni aliye naye palepale, mwenye koleo.

Lakini nikamwambia kaka habari ya Everest. Tarehe 18 Aprili 2014 pande la barafu lilimeguka likaua watu 16. Wote Wanepali, watu wa kazi, wengi wakiwa na mizigo mgongoni. Mgeni hata mmoja hakufa siku ile. Si bahati, bwana! Mgeni anapita mahali pabaya mara chache, mpagazi anapita kutwa kucha kwa sababu godoro na mtungi wa gesi havitembei vyenyewe.

Hapo kaka akaacha kucheka.

Mama akauliza, "Kofia ngumu je?"

"Tutapewa."

"Mtapewa, au mmepewa?"

Kimya. Kaka akatoka nje na simu kumpigia kiongozi wake, sisi masikio dirishani. Akauliza wanaondoka kambini saa ngapi. Jibu lilikuwa zuri, giza totoro. Akauliza kofia ziko ngapi. Hapo akarudia jibu kwa sauti, kama hakuamini: "Nane? Na sisi tuko kumi na tisa?"

Safari ni Alhamisi. Hajasema kama anakwenda, na mama bado hajamrudishia bakuli lake.