Kinachoivisha Ndizi Si Joto

Hoja kwamba ndizi za mbege (pombe ya ndizi) zinazowekwa darini juu ya meko katika vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Uchagani huivishwa na joto la moto haina budi kukataliwa, kwa kuwa inamchanganya msaidizi na mtendaji. Ndizi mbivu moja ikitiwa katika mkungu mbichi uliofunikwa kwa majani makavu ya mgomba huwaivisha jirani zake pasipo moto wowote. Na ndizi za jamii ya Cavendish zikikaa penye joto linalozidi nyuzi 30 hulainika ndani huku ganda likibaki kijani, jambo ambalo watetezi wa joto hulipita kimya.

Mtendaji ni ethilini, gesi ambayo Richard Gane alithibitisha mwaka 1934 kuwa hutolewa na matunda yenyewe, na ambayo imo pia katika moshi wa kuni. Inaponata kwenye vipokezi vya seli, vipokezi hivyo, ambavyo kazi yake hadi hapo ilikuwa kuzuia, hulegeza kizuizi, na protini zinazoongoza jeni huiamsha jeni ya ACC sinthasi, kimeng'enya (yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemia) kinachotengeneza ACC, ambayo mwaka 1979 ilitambuliwa kuwa malighafi ya ethilini. Ethilini basi huzaa ethilini zaidi, na vimeng'enya vingine hugeuza wanga kuwa sukari, ile ile inayochachuka kuwa mbege. Joto huharakisha tu kazi hiyo, na likizidi huivuruga.