Kampuni ilitangulia, serikali ikafuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwajibu wale wanaodai kuwa biashara ni biashara na siasa ni siasa, na kwamba mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo.

Sisi wa Pangani hatuwezi kukubali. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwatilisha sahihi wazee wetu kwenye mikataba ya lugha wasiyoijua. Mkutano wa Berlin, ambao haukuwa na mjumbe hata mmoja wa Kiafrika, ulifungwa tarehe 26 Februari, 1885. Kesho yake tu Kaiser akawapa Peters na wenzake hati ya ulinzi. Kwa hiyo Mjerumani wa kwanza kudai nchi hii hakuja kama gavana. Alikuja kama mwenye kampuni.

Agosti 1888 kampuni hiyo ilipandisha bendera yake hapa Pangani ili itawale na kukusanya ushuru wa forodha. Wananchi wakakataa, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na kampuni ikashindwa. Je, ilifunga duka ikarudi kwao? La hasha! Mapema mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha fedha, na Wissmann akaletwa na askari. Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa hapa hapa Pangani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakagawana eneo letu, na mwaka 1891 serikali yenyewe ikashika utawala. Hasara ya kampuni ililipwa na hazina ya umma, na damu iliyomwagika ikawa yetu.

Waingereza nao walifanya hivyo hivyo Bara Hindi, ambako kampuni ilitawala mpaka mwaka 1858.

Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika zilikubaliana kuiheshimu mipaka zilizoikuta. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana uliepusha vita. Lakini tusisahau kalamu iliyoichora mipaka hiyo ilikuwa mkononi mwa nani.

Sisemi wafanyabiashara wa nje wafukuzwe. Ninachoomba ni kwamba kila mkataba wa ardhi, madini au bandari uandikwe kwa Kiswahili na usomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi, si baada. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwalimu Mstaafu,
Pangani.