Daftari la Deni ni Letu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mchuuzi wa Kongowea aijua methali hii. Je, serikali yaijua?

Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris, Benki ya Dunia ikiwa mwenyekiti, wakazuia misaada mipya kwa Kenya kwa miezi sita. Desemba kifungu cha 2A kikafutwa, na vyama vingi vikaruhusiwa. Lakini tusidanganyike, ndugu: kabla ya Paris kulikuwa na Saba Saba 1990, na damu iliyomwagika ilikuwa ya wananchi.

Wafadhili hao hao walidai masoko yafunguliwe. Mitumba ikajaa Kongowea. Wengi wakapata riziki, huku viwanda vyetu vya nguo vikififia. Shirika la Biashara Duniani lilipoanza 1995, halikukawia kuafikiana na wenziwe: Shirika la Fedha mwaka 1996, Benki ya Dunia 1997. Wakubwa wakaketi meza moja kupanga biashara na mikopo. Faida na hasara zilitua hapa, ilhali hapa hapakuulizwa mtu.

Hatukatai ushirikiano, twakataa kuachwa nje ya mlango. Kifungu cha 211 cha Katiba ya 2010 chaliwezesha Bunge kumtaka waziri wa fedha atoe maelezo ya mkopo wowote katika siku saba. Haki isiyodaiwa hulala. Basi, mwulizeni mbunge wenu: mkopo gani, kwa masharti gani, na mlipaji ni nani?