Darsa ya kina mama ni shule, ipewe haki za shule

Mwanamke wa Kiislamu akifariki dunia usiku kule Mwanjelwa jijini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, kabla ya jeneza na kabla ya gari watatafutwa wanawake wanaojua kuosha maiti. Sheria ya dini iko wazi hapa: ukimwondoa mumewe, mwanamke huoshwa na wanawake wenzake. Imamu anaweza kuwa msomi wa miaka mingi, lakini usiku huo atasubiri nje ya pazia kama wanaume wengine. Katika miji ya pwani haitachukua muda kumpata jirani aliyejifunza kazi hiyo kwa bibi yake. Mbeya na Iringa, ambako Waislamu ni wachache na wametapakaa mtaa huu na ule, ujuzi huo hauji kwa kurithi. Ni lazima ufundishwe, na pahali unapofundishwa ni kwenye darsa ya kina mama, juu ya mkeka wa kibaraza cha msikiti au sebuleni kwa mmoja wao, baina ya adhuhuri na alasiri. Darsa hiyo ni shule, na ni shule ambayo jamii nzima inaitegemea ili iweze hata kuzika watu wake. Hata hivyo tumezoea kuiita kikundi, na tunakikumbuka kikundi hicho siku ya kupika pilau la Maulidi na siku ya kufuturisha. Ninachodai ni kwamba ipewe haki ambazo shule yoyote hupewa: mwalimu anayelipwa, mtaala unaojulikana, saa isiyoingiliwa, na chumba chenye mlango.

Historia ya nyanda hizi za juu za kusini inalifanya dai hilo kuwa zito zaidi. Elimu ya kisasa ilifika huku ikiwa mikononi mwa makanisa. Wamoravian walijenga misheni ya Rungwe mwaka 1891, na Wakatoliki wakajenga Tosamaganga, na kwa miongo mingi mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe asome alikuwa na milango michache ya kubisha. Pamoja na hayo, Uislamu wa huku si wa wageni wa juzi. Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekaa kwenye kiti cha Spika wa Bunge kwa miaka mingi, alikuwa Mwislamu wa Uhehe. Mkutano uliozaa Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, ulifanyika Iringa, Desemba 1968. Kwa hiyo mabaraza ya juu tunayo, na kina mama nao wana jumuiya yao ya kitaifa, JUWAKITA. Pengo liko chini, mtaani, pale ambapo mama mwenye watoto wanne anataka kujua jambo na hana wa kumwuliza. Wapo watakaosema tuhesabiwe kwanza ndipo tupange. Sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya 1967, na mimi sioni kwamba hilo linatuzuia, kwa sababu mama anayekuja darsani na daftari lake anaonekana kwa macho.

Darsa hiyo ifundishe nini? Tuanze na linalotuumiza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kwa Mkoa wa Iringa idadi ilizidi 56. Huu ni mkoa wa mahindi, maharage, viazi, maziwa na mboga, mmoja kati ya ile inayoilisha nchi, na zaidi ya nusu ya watoto wake wadogo ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Chakula kipo shambani. Shida ni jinsi kinavyomfikia mtoto: uji mtupu wa mahindi usio na karanga, maziwa wala yai, mlo wa mara mbili kwa siku kwa mtoto anayehitaji kula mara nyingi zaidi, mama anayerudi shambani wiki chache baada ya kujifungua na kumwacha kichanga na kaka au dada yake aliye bado mtoto. Kwa virusi vya UKIMWI hali nayo ni nzito. Utafiti wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima nchini, lakini Iringa yalizidi 11 na Mbeya yalizidi 9. Haya ni mambo ya ndani ya nyumba, ya chungu na ya kitanda, na mwanamke huyazungumza kwa uwazi zaidi akiwa na wanawake wenzake anaowaamini. Mhudumu wa afya anaweza kuzunguka mwaka mzima akitafuta kikao cha namna hiyo, ilhali kwenye darsa kikao kimeshakaa, viatu vimeshavuliwa mlangoni na watu wanajuana kwa majina ya watoto wao.

Nchi yetu inajua kuwa kujifunza kwa vikundi kunaleta matunda. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zinazofuga mbu. Hawakuwa na majengo ya fahari. Walikuwa na siku maalumu, mtu aliyeandaliwa kuongoza, na somo lililopangwa. Darsa nyingi zina siku lakini zinakosa hayo mawili ya mwisho. Ustadha hujitolea, hufundisha anachokijua yeye, na akihamia Dodoma kumfuata mumewe, masomo yanaishia hapo.

Wapo wanaopinga kwa nia njema, wakisema darsa ni ya dini na isichanganywe na mambo ya lishe na mikopo. Ninaiheshimu hofu yao, maana yapo mashirika yanayoingia msikitini na semina zao na kuondoka na picha. Lakini mgawanyo wanaoutaka haumo katika dini yenyewe. Sura ya Al-Baqara inataja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili, na hiyo ndiyo miaka ambayo wataalamu wa lishe wanasema udumavu huzuiwa au huingia. Mwalimu anayefika kwenye aya hiyo akaeleza lugha yake tu, asiseme mtoto aongezewe nini baada ya miezi sita, ameacha somo njiani. Mirathi ni hivyo hivyo. Mjane asiyejua fungu lake hawezi kulidai, na shemeji zake wanaweza kuligawa shamba kwa jina la mila huku wakijiita Waislamu. Hata mikopo ina upande wake wa dini. Kisheria halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Mikopo hiyo haina riba. Kwa mama aliyekataa mikopo ya mtaani miaka yote kwa kuogopa haramu, huu ni mlango wa halali. Ila hauingiliki bila kikundi kusajiliwa, kuwa na katiba na akaunti ya benki, na kuwa na katibu anayeweza kuandika muhtasari wa kikao. Kusoma na kuandika Kiswahili sanifu, pamoja na hesabu za daftari, ni sehemu ya kujikinga na riba.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: kwamba wanawake wakizoea kutoka kwenda darsa mtaa huu na ule, nyumba zitalegea. Katika hadithi sahihi, wanawake wa Madina walimwendea Mtume wakimweleza kuwa wanaume wamewazidi kwa nafasi ya kukaa naye, wakamwomba awatengee siku yao, naye akawatengea. Karne nyingi baadaye, katika Sokoto ya karne ya 19, Nana Asma'u binti wa Usman dan Fodio alikwenda mbele zaidi. Aliwaandaa wanawake wazima, akawapa kofia ya majani iwe alama ya kazi yao, akawatuma vijijini kuwafundisha wasioweza kusafiri, na masomo yao yalikuwa tungo alizozitunga yeye ili zihifadhiwe kichwani. Kwenye pwani ya Waswahili, Mwana Kupona wa Pate alimwachia binti yake utenzi wenye mafunzo mwaka 1858. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, pale Nkhotakota, Bi Mtumwa binti Ali bin Yusufu aliwaongoza wanawake wa tarika ya Kadiria katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Kutoka kwa mwanamke kwenda kusoma na kusomesha hakukuanza na zama za simu. Nyumba inayolegezwa na saa mbili za darsa ilikuwa imelegea kabla yake.

Jirani Mkristo naye ana haki ya kuuliza darsa hizi zinataka nini mtaani. Mihadhara ya vipaza sauti imewahi kuacha chuki katika miji yetu, na mtu akisikia neno daawa, yaani mwito wa dini, anafikiria ubishi wa vitabu. Kina mama wanaweza kulirudishia neno hilo heshima yake kwa kazi: kumtembelea mzazi aliyejifungua bila kuuliza anasali wapi, au kualika nyumba za jirani kwenye somo la lishe la Jumamosi. Wanawake Wakatoliki wana umoja wao, WAWATA, tangu 1972, na katika mambo ya utaratibu, ada na uongozi kwenye ngazi za chini, sioni haya kusema tuna la kujifunza kwao. Udumavu hauchagui mtoto wa dini gani.

Inabaki fedha, na hapa sikubaliani na wanaosema hatuna. Misikiti ya Mbeya na Iringa imejengwa kwa michango, vigae vimewekwa, minara imepanda. Fungu dogo la sadaka ya Ijumaa, likitengwa kila mwezi na kuandikwa kwenye hesabu za msikiti mbele ya waumini wote, linaweza kumlipa ustadha posho na nauli ya kutoka Uyole kwenda Sokomatola, na kununua ubao na daftari. Chumba kitadai zaidi, na kamati nyingi hukiweka mwisho wa orodha, baada ya rangi na zulia. Mimi ningekiweka mwanzo. Juni na Julai baridi ya huku huingia mifupani, na wanaosoma kwenye kibaraza saa hiyo ni wanawake wenye watoto wachanga mgongoni. Upepo ukizidi huinuka, wakakunja mkeka na kurudi nyumbani, na somo la kuosha maiti likaahirishwa mpaka Agosti.