Kifo Hakichagui? Basi Mbona Kwenye Uzazi Kinachagua Masikini?



Kila msiba wa mwanamke aliyefariki kwa uzazi tunaambizana maneno yale yale: kifo hakichagui, tajiri na masikini njia moja. Kisha tunakunja mikeka tunarudi makwetu. Neno hili limenichosha. Kufa tutakufa sote, sikatai. Lakini kufa na miaka 22, mtoto hata jina hajapewa, huko kunachagua, tena kunaangalia mfuko.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 wanawake wapatao 287,000 walifariki kwa mimba na uzazi. Karibu 95 katika kila 100 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini cha kati. Kwani vizazi vyao vimeumbwa tofauti? Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Alhamdulillah. Vingekuwa havizuiliki, visingepungua.

Tuangalie anavyokufa. Mwenye nacho akianza kutoka damu baada ya kuzaa, keshachomwa sindano ya kukaza kizazi, damu ya kuongezewa inatafutwa, gari liko mlangoni. Masikini ameingia leba damu yake tayari iko chini, maana miezi tisa amekula muhogo na chai. Mume yuko dago. Mama mkwe anasema tusubiri, arudi atoe ruhusa. Pesa ya gari inaazimwa nyumba tatu. Akiwa wa kisiwa kidogo kama Fundo, na ikabidi apasuliwe, kwanza avuke bahari, na usiku huo pengine maji yametoka na chombo kimekaa juu ya mchanga. Hata pale ambapo kuzaa ni bure, kufika si bure. Na damu ikitoka kwa wingi, mtu anaweza kwisha ndani ya saa mbili.

Tunajifariji kuwa huyu ni shahidi. Ni kweli, na Allah amlipe. Lakini ujira wake hautuondolei dhima sisi tuliobaki. Na anayesema ni kadari tu, amkumbuke Sayyidna Umar alipokuwa safarini kwenda Sham, akasikia kuna tauni, akageuza msafara. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anaikimbia kadari moja kwenda kwenye kadari nyengine ya Allah huyo huyo. Sasa sisi ni wacha Mungu kumshinda yeye?

Maharusi, mimi nashona nguo za harusi, riziki yangu iko humo, nichekeni mkitaka. Naona sare ya singo, sare ya hina, sare ya nikahi, na nyengine ya kumpeleka bibi harusi kwake. Wanaoumia zaidi ni wale wale wasio nacho, wanaokopa ili wasisemwe. Sare moja tu ikipunguzwa, nauli ya usiku ya kwenda hospitali imepatikana.

Kwa hiyo wazee wanapokaa kupanga mahari na sanduku, nataka na haya yasemwe. Mume atoe ruhusa ya hospitali leo, mbele ya mashahidi, isisubiriwe arudi baharini. Akiba ya uzazi ikae mkononi mwa mke. Watafutwe ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Na nyinyi wenye uwezo, kwenye michezo yenu ya pesa tengeni fungu la gari na boti kwa mzazi asiye na kitu. Serikali nayo tuidai damu na dawa hadi vituo vya shamba.

Kuna atakayesema ni mkosi kutaja kifo kwenye posa. Mbona talaka tunaitaja, na deni la mahari tunaliandika?