Je, Yafaa Kubuni Taa ya Nyuma ya Pikipiki?

Siku hizi ni shida kupata mji, au hata kijiji kilicho kando ya barabara, kisicho na pikipiki. Na kila palipo na pikipiki, pana vijana wanaotaka yao isifanane na ya jirani. Mmoja hupaka tangi rangi, mwingine hufupisha kiti, wa tatu hukata madigadi ya nyuma ili chombo kionekane chepesi. Madigadi yakikatwa, ile taa kubwa ya kiwandani hukosa mahali pa kukaa; ndipo mwenye chombo hulazimika kubuni taa yake mwenyewe. Juu ya jambo hili wazee wengi husema kuwa ni uhuni mtupu, nao vijana husema kuwa pikipiki ni mali yao, wafanye wapendavyo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea.

Kwanza nawajibu wazee wetu kwa heshima. Kubuni taa ni kazi ya mikono na akili, nayo haikuanza leo. Huko Marekani mafundi wa pikipiki wamezoea kuchukua taa ya nyuma ya motokaa ya Ford Model A, iliyoundwa tangu 1927 hadi 1931, na kuifunga kwenye pikipiki. Umbo lake lapendwa hata sasa. Leo tunazo taa za LED, ndogo kama punje za mtama, ziwezazo kupangwa katika utepe uliopinda kufuata mkia wa fremu.

Kijana anayetengeneza taa hiyo hufanya hesabu zilezile za darasa la Fizikia. LED moja nyekundu hutumia kama volti 2. Tatu zikifungwa kwa mfululizo hutumia 6. Pikipiki yenye betri ya volti 12 hutoa volti 14 au zaidi kidogo injini inapokwenda. Basi volti 8 zilizosalia lazima zichukuliwe na rezista, ama sivyo LED zitaungua. Kwa mkondo wa ampia 0.02, gawanya 8 kwa 0.02, upate omu 400. Na fundi mwenye hadhari huchukua rezista iliyozidi hapo kidogo. Je, wazee wangu, huu ni uhuni?

Sasa nageukia vijana wenzangu. Pikipiki ni mali yako, sikatai. Lakini wewe uliyeketi juu yake huioni taa yako ya nyuma. Anayeitazama ni dereva wa lori anayekufuata usiku, naye hakujui, wala hana habari ya usanii wako. Yeye anajua lugha moja tu ya taa: nyeupe ni mbele, nyekundu ni nyuma. Mapatano ya mataifa juu ya usafiri wa barabarani, yaliyofanywa Vienna mwaka 1968, yalitaka taa ya nyuma ya pikipiki iwe nyekundu. Ukifunga nyeupe nyuma, dereva yule atadhani chombo kinamjia, kumbe kinakwenda mbele yake. Atakapotambua, huenda amekwisha kukufikia.

Neno la pili katika lugha hiyo ni breki. Balbu ya kawaida ya pikipiki nyingi ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 kwa taa ya nyuma na mwingine wa wati 21 kwa breki. Tofauti hiyo, zaidi ya mara nne, ndiyo inayomwambia aliye nyuma, "Nasimama!" Mbunifu akiziwasha LED zake zote kwa nguvu wakati wote, breki yake imekuwa bubu. Na yule anayefunika taa kwa kioo cheusi ili ipendeze, huyo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Walakini taa iliyobuniwa vema yaweza kuishinda ile ya balbu. Uzi wa balbu huchukua kama sekunde 0.2 kupata mng'ao wake, hali LED huwaka papo hapo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 4 katika muda huo mfupi. Mita 4 zaweza kuwa uhai wa mtu.

Kwa hiyo nashauri kwamba walimu wetu wasiipige marufuku kazi hii, bali waiingize katika karakana na chama cha sayansi, na kila taa ipimwe. Mwenye taa ashike breki, nasi tusimame hatua mia nyuma yake, usiku, na tena mchana wa jua kali. Kama hatukutambua mara moja, arudi mezani. Namba ya pikipiki imulikwe, na rifleta nyekundu isiondolewe, kwani hiyo haihitaji umeme, na hata waya ukikatika hurudisha nuru ya gari linalokuja.

Wenzangu, pambeni vyombo vyenu mpendavyo. Lakini nyumbani yuko mzazi asiyelala mpaka asikie mlio wa pikipiki yako mlangoni. Taa yako na ipendeze, nayo imfikishe kwake mtoto wake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne